Gari la Vilmer Haliishi Kufunguliwa

Jumapili ya Pasaka Nerina alifungua oveni aweke mguu wa mwanakondoo, akakuta nafasi imeshachukuliwa. Juu ya sinia lake zuri la kuokea kililala kifuniko cha injini, kimepakwa rangi nyeusi, kinanuka kama barabara iliyomwagwa lami asubuhi hiyohiyo.

"Vilmer!"

Mumewe alitokea mlangoni akipangusa mikono. "Usikiguse! Rangi hiyo lazima ikaushwe kwa moto mdogo, ndipo inapotoa mikunjo. Kiwandani walifanya hivyohivyo."

"Kiwandani walikuwa na wageni wa Pasaka?"

"Saa moja tu, mama."

"Wageni wanafika saa sita! Niwape nini, kifuniko cha injini na viazi?"

Nyama ililiwa saa tisa, katikati bado ina damu. Binti yao Katia, aliyekuja na mumewe kutoka Ravenna, alitafuna kidogo akasema mwanakondoo wa mwaka huu ana ladha ya petroli. Vilmer hakumsikia. Alikuwa akimweleza mkwewe kwamba mikunjo ile ikiwa mikubwa mno, kila mtu mwenye akili atajua kifuniko si cha mwaka lilipoundwa gari.

Vilmer alikuwa dereva wa basi. Ujana wake na utu uzima wake aliumaliza kwenye basi la bluu, kutoka Faenza, kupitia Brisighella, kupanda milimani mpaka Modigliana na kurudi. Na katika miaka hiyo yote lilikuwapo gari moja lililompita kwenye kona za kupanda: gari dogo jekundu la kufunguka paa, viti viwili tu, injini yake ikiimba kama imelipwa kuimba. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno wa mjini. Vilmer alikuwa na abiria, vikapu vyao na malalamiko yao; daktari alikuwa na upepo. Kila alipopitwa, Vilmer alisema kimoyomoyo, ipo siku.

Siku ilikuja daktari alipofariki. Warithi wake walikuwa wamelitupa gari bandani, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria, wakafurahi kuondolewa uchafu. Lakini halikuwa tena gari lile. Uzeeni daktari aliingiwa na mambo, akalipaka rangi ya manjano, akalivisha matairi mapana, akang'oa usukani wa mbao akaweka wa plastiki, akaitoboa dashibodi apate kuweka redio. Vilmer alipoliona alisimama kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Kisha akalivuta mpaka gereji ya nyumbani, akaapa mbele ya Nerina na mbele ya jirani yao Oriano kwamba gari litarudi kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho.

Nerina alidhani kiapo hicho ni cha mwaka mmoja. Huu sasa ulikuwa wa sita.

Katika miaka hiyo aliyaona. Viti vya gari vililala chumba cha wageni, na wageni wakalala sebuleni. Rangi nyekundu ilipakwa ikabanduliwa, ikapakwa ikabanduliwa, kwa sababu ya kwanza ilikuwa nyekundu ya nyanya na ya pili nyekundu ya divai, na kiwanda, kwa mujibu wa Vilmer, hakikuwa na nyekundu hata moja kati ya hizo. Likizo ya kwenda baharini iligeuka safari ya kumfuata mzee mmoja huko Ancona aliyesemekana ana kitasa cha mlango wa kushoto. Walipofika, kilikuwa cha kulia.

Lakini kilichomchosha zaidi Nerina ni mambo ya Septemba. Kila Septemba magari ya kale ya eneo lile hupanda mlima kutoka Brisighella kwa mashindano. Si ya mbio. Kila gari hupangiwa muda wake wa kufika juu, ukiwahi unakatwa alama, ukichelewa unakatwa alama, na waamuzi huangalia pia kama gari limebaki la asili. Kila mwaka Vilmer alijiandikisha. Kila mwaka, siku ya mlima ikikaribia, alilifungua gari upya. Mara kabureta zinapumua vibaya. Mara bolti za kichwa cha injini ni za gari lililozaliwa nyuma ya hili.

"Nerina," Oriano alimwita siku moja kutoka ng'ambo ya uzio. Yeye alikuwa na kigari cha kijivu, kizee, kimejaa kutu, ambacho hakikuwahi kukosa kuwaka. "Mwambie mumeo magari ya makumbusho huzungushiwa kamba. Anunue kamba, tumalize."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nikisema ananieleza habari za bolti."

"Subira yavuta heri."

"Yangu imevuta kutu, Oriano."

Agosti ya mwaka ule, kwa mshangao wa wote, gari lilikamilika. Vilmer alizungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikaanza kuimba. Majirani walitoka vibarazani wakapiga makofi. Nerina alifuta machozi, akasema ni ya moshi. Kesho yake alinunua kitambaa cha kufunga kichwani, cha bluu, kwa ajili ya upepo.

Wiki ya mashindano alirudi kutoka sokoni akakuta gia boksi iko sakafuni.

Aliweka chini vikapu polepole, maana alijua akivishika atavirusha. "Nini hiki?"

"Kuna sauti," Vilmer alisema bila kuinua kichwa.

"Sauti gani?"

"Kwenye gia ya tatu. Ndogo. Wewe huwezi kuisikia."

"Kama siwezi kuisikia, haipo!"

"Mvumilivu hula mbivu, mama."

"Mbivu? Vilmer, mimi nimekaa chini ya mti huu mpaka tunda limeoza, limeanguka, limeota mti mwingine! Mwaka jana bolti, mwaka juzi kabureta. Sema tu hutaki! Sema unataka kufa ukiwa umelala chini ya gari, mimi nikuletee chakula kwa kukusukumia na fagio!"

Vilmer alinyanyuka, akatoka uani. Nerina alibaki peke yake. Kwa kuwa hakikuwapo kiti kingine gereji nzima, alifungua mlango wa gari akaketi nyuma ya usukani. Hakuwahi kukaa upande ule.

Mbele yake kulikuwa na zile mita mbili kubwa za duara, na skrubu ndogo zinazozishika, kila mfereji wa skrubu umesimama wima kama kiwandani. Ukutani ilitundikwa picha kubwa ya dashibodi hiyohiyo, ambayo Vilmer alikuwa amemhubiria kwa miaka: mwendo kushoto, mizunguko ya injini kulia. Nerina alitazama picha. Akatazama dashibodi. Akatazama tena picha.

Mita zilikuwa zimebadilishana mahali.

Kwanza alifurahi. Ndiyo, alifurahi kwa ubaya wote wa moyo wake. Mtu aliyemnyima bahari kwa ajili ya kitasa, leo kapachika mita kinyume!

"Vilmer! Njoo hapa. Nimekuta kosa."

Alikuja mbio; kwa neno hilo angekuja hata akiwa kaburini. "Wapi?"

"Hapo mbele yako."

Vilmer aliinama juu ya mlango. Hakuitazama dashibodi moja kwa moja. Aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayeikagua punje kabla ya kuidonoa. Kisha akanyoosha mkono, akapitisha vidole juu ya kioo cha mita. "Skrubu imelegea?"

"Si skrubu."

"Kioo kina mkwaruzo?"

Hasira ya Nerina ilishuka ghafla, kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Alikumbuka mumewe alivyoanza kumwachia yeye usukani wa kigari chao cha kwendea sokoni, eti goti linamuuma. Alikumbuka majuzi kanisani, alivyompa mkono mwuza samaki akamwita padri, na watu wakacheka wakidhani anatania.

"Nisomee namba zilizo kwenye hii," alisema.

Vilmer hakusoma.

"Vilmer."

"Katikati hapaonekani," alisema hatimaye. "Pembeni naona vizuri. Sikio lako naliona. Nikikutazama usoni, uso unaondoka."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi, wakati wa baridi. Nilikwenda Faenza kwa daktari wa macho. Alisema tatizo hili halina dawa, na akasema nisishike usukani tena."

"Na hiyo sauti ya gia ya tatu?"

"Hakuna sauti."

"Na bolti?"

"Bolti zilikuwa kweli!" Vilmer aliumia kidogo. Kisha akaegemea mlango, mkono wake ukawa unausugua mahali palepale. "Likikamilika, Nerina, mtu ataniambia, haya Vilmer, panda tukuone. Nitamwambiaje? Likiwa limefunguliwa, hakuna anayeniuliza kitu."

Mwingine angemkumbatia. Nerina alichukua kitambaa chenye mafuta akampiga nacho begani. "Nimelala miaka miwili na mtu asiyeniona uso, na hajasema! Nimekwenda saluni, nimetengeneza nywele kwa ajili ya nani?"

"Nywele nimeziona. Ziko pembeni."

Hapo alicheka bila kupenda, na kicheko kikageuka kilio, na Vilmer akasimama anampapasa kichwa kwa mikono yenye grisi, akiziharibu zile nywele alizoziona.

Alipotulia, Nerina alipenga kamasi akasema, "Rudisha gia boksi."

"Ili iweje?"

"Jumapili nitaendesha mimi."

"Wewe? Klachi ya gari hili ni ngumu. Lina nguvu. Linataka mtu wa kulitawala."

"Nimekuendesha wewe miaka arobaini. Hilo litanishinda?"

Oriano aliitwa kusaidia kubeba. Aliambiwa kila kitu. Alivua koti akalala chini ya gari bila hata kuweka gazeti mgongoni. Mita zilirudishwa mahali pake jioni hiyohiyo, maana Vilmer alisema asingepata usingizi.

Jumapili, pale Brisighella, mwamuzi alilizunguka gari, akachungulia, akapiga magoti, akasema vifungo viwili vya turubai la paa si vya asili. Vilmer alifungua kinywa. Nerina alimkanyaga mguu. Wakaingia, yeye akafunga kile kitambaa cha bluu, bendera ikashushwa.

Mwanzoni gari liliruka kama mbuzi, watu wakacheka. Kisha Nerina akalipata. Vilmer alikaa kushoto kwake? Hapana, kule dereva ndiye hukaa kushoto. Vilmer alikaa kulia, mahali ambapo kuku walitagia, mikono juu ya magoti, uso umegeuzwa pembeni apate kuona kidogo. Hakuhitaji kuona. Barabara ile ilikuwa mwilini mwake.

"Inakuja nyumba ya mawe, halafu kona ya kulia. Inajikunja kuliko inavyoonekana. Gia ya pili."

"Bado."

"Ya pili, nakwambia!"

"Naona barabara, Vilmer!"

"Na mimi naisikia injini! Inakuomba, inakupigia magoti!"

Aliingiza ya pili. Injini ikapanda sauti, gari likashika kona kama limechongwa kwa ajili yake, na Nerina akahisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakuwahi kukihisi kwenye kigari cha sokoni. Kona iliyofuata hakungoja kuambiwa. Vilmer aliita mteremko wa makaburini, akaita daraja, akaita kona ya mkuyu ambako aliwahi kukwama na theluji na harusi nzima ndani ya basi. Sauti yake ilizidi kupanda. Alikuwa anacheka. Walikipita kigari cha kijivu cha Oriano, aliyeingia mashindanoni kila mwaka, na Nerina, Mungu amsamehe, alipiga honi.

Kileleni mwamuzi alitazama saa yake, akamtazama dereva. "Bibi, haya si mashindano ya mbio. Mmewahi mno."

"Saa alikuwa nayo mume wangu."

"Mimi sioni," Vilmer alisema kwa furaha kubwa.

Walikuwa wa mwisho, ukiondoa jamaa mmoja ambaye gari lake liliungua. Wakati wa kushuka mvua ilinyesha, na turubai lililoshonwa kwa mwaka mzima lilikataa kufunga. Walivutana nalo kando ya barabara, huyu anasema vuta, yule anasema sukuma.

"Si ulisema ni kama la kiwandani?"

"La kiwandani nalo lilikuwa halifungi!"

Walifika nyumbani wamelowa, Nerina amekasirika tena, na alilala amekasirika.

Mwezi uliofuata Katia aliwapatia daktari bingwa wa macho Bologna. Nerina alimpeleka mumewe kwa gari lile, paa wazi, ingawa baridi ilishaanza. Bingwa alisema yaleyale ya Faenza, ila kwa upole zaidi: pembeni patabaki, katikati hapatarudi.

Wakati wa kurudi Vilmer aligeuzia uso pembeni mpaka milima ilipoanza. Nerina alimwacha. Vidole vyake alivibana kwenye usukani wa mbao mpaka vikauma.

"Unachelewa kuingiza ya tatu," Vilmer alisema.

"Ukitaka, nikushushe utembee."

"Sawa. Kituo kipo baada ya kona, penye benchi. Hapo nilikuwa nasimamisha basi hata kama hakuna mtu."

Nerina aliliona benchi. Halikuwa na mtu. Aliingiza gia ya tatu mapema kuliko alivyopenda, akasikia injini ikikubali, akapita.