Rukeni Hapo Kwenye Masale

Mimi Marta nimekuwa balozi wa nyumba kumi tangu mwaka sitini na tano. Nimesema mengi, mengine ya kugombeza, lakini neno linalonichoma hadi leo ni moja tu. Nilisema, "Rukeni."

Mwaka wa sabini kiangazi kilikuwa kikali. Huku kwetu juu ya Mazinde upepo hupanda kutoka bondeni kila mchana, na watu wa chini huchoma mashamba yao bila kumwambia mtu. Nyumba zetu zote kumi zilikuwa za nyasi. Basi nikaitisha mkutano, nikasema kila Jumamosi tunatoka na majembe kukata njia ya moto: ukanda wa hatua nane chini ya nyumba zote, kuanzia mwambani hadi mtoni, ulimwe ubaki udongo mtupu. Asiyekuja nitamfuata mlangoni. Na niliwafuata! Mussa alijifanya anaumwa tumbo, nikamkuta anakula makande. "Tumbo lenyewe ndilo hilo? Chukua jembe, baba." Alikuja.

Jumamosi ya nne tukafika mpakani mwa Kornelio na Bi Zuhura.

Hawa wawili waligombania mpaka huo miaka tisa. Kornelio ni mzee wa kanisa, lakini ukimtajia mpaka utadhani hajawahi kusikia sala. Bi Zuhura ni mjane, na ulimi wake ni kisu. Mimi ndiye niliyewasuluhisha, tukapanda masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, kutoka juu hadi chini ya kilima. Kwetu masale ya mpaka hayaguswi. Hata nyasi zinazoota katikati yake hazipaliliwi, maana jembe likipita hapo leo, kesho mtu atasema mpaka umesogezwa. Kwa hiyo nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, kavu kabisa.

"Tung'oe," akasema Mussa.

"Thubutu!" akafoka Kornelio.

"Jembe likigusa masale hayo, balozi, kesi tunaianza upya," akasema Bi Zuhura.

Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kesi ile ndiyo ilikuwa sifa yangu. Watu walikuja hata kutoka Vuga kuniuliza niliimalizaje. Sikutaka kuiona inafufuka.

"Rukeni hapo kwenye masale," nikasema. "Endeleeni mbele."

Nyumba ya Bi Zuhura ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, juu kidogo tu ya pale. Akanishika mkono. "Na moto hautavuka, mwanangu?"

"Hautavuka, mama. Ni upana wa hatua mbili tu."

Moto ulikuja wiki mbili baadaye, Jumatano, saa nane mchana. Ulipanda na upepo hadi kwenye njia yetu, ukasimama. Nawaambia ulisimama! Sisi tulikuwa upande wa juu wa njia na matawi mabichi mikononi, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Kumbe tulishangilia mapema mno. Watu wangu waliruka pale kwenye masale, na moto nao ukaruka pale pale. Ulizifuata zile nyasi kama mtu anayevuka daraja, ukatokea nyuma ya nyumba ya Bi Zuhura.

Kornelio alivunja mlango akamtoa bibi mgongoni, huku bibi akimtukana kwa kumshika. Nyumba iliisha kabla hatujarudi na ndoo ya pili. Yakaenda mahindi ya darini, kitanda, na msahafu wa marehemu mumewe. Watu wakanipongeza: nyumba tisa zimepona, balozi! Nilitamani ardhi inimeze.

Masale yenyewe yalibabuka majani ya chini tu. Yalisimama mstari mmoja, mpaka unaonekana vizuri kuliko siku tulipoupanda.

Nikamchukua Bi Zuhura kwangu. Kila asubuhi, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi. Siku ya tatu nikaitisha mkutano pale pale kwenye majivu, nikasema kosa ni langu, wachague balozi mwingine.

"Mimi ndiye niliyekataa," Kornelio akadakia.

"Nyamaza, Kornelio. Wewe sikukuuliza kitu," akasema Bi Zuhura. "Na mimi nilikataa, kwa kinywa changu hiki. Lakini nilimuuliza balozi kama moto utavuka, akasema hautavuka." Akanigeukia. "Huachi kazi. Ukiacha, nitamlalamikia nani? Lete jembe."

Shina la kwanza la masale alilipiga yeye mwenyewe. La pili akalishika Kornelio. Tukang'oa yote yaliyokuwa ndani ya zile hatua nane. Hapo katikati mpaka haujulikani uko wapi, na hadi leo hakuna aliyeuliza.

Tulimjengea nyumba nyingine kwa wiki tatu. Siku ya kuhamia nikamsindikiza hadi mlangoni. Akatazama chini kilimani, kisha akanitazama mimi.

"Moto hautavuka, mwanangu?"

"Sijui, mama," nikasema. "Twende tukaangalie."

Akachukua fimbo yake, tukashuka.