Neno Lenye W, T, E na R

Mwalimu alipopatwa na kiharusi, ulimi wake ulilala pamoja na mkono wa kulia. Miaka thelathini alikuwa amefundisha Kiingereza shule ya msingi ya mtaa wa pili, na sauti yake ilijulikana hadi sokoni. Sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na kila alipofungua kinywa ilitoka sauti moja tu, ileile, isiyo na maana.

Mdogo wake, fundi cherehani, alifunga kibanda chake akaja kumuuguza. Hawakuwa dada wa kupendana sana. Fundi alipokuwa darasa la tano, aliyemfundisha ni dada yake huyohuyo, na siku moja alipolisoma neno vibaya, Mwalimu alicheka mbele ya darasa zima. Fundi hakumaliza mwaka. Tangu hapo waliamkiana vizuri, wakatembeleana kwenye misiba na harusi, basi.

Kaka yao wa kati, aliyeishi mji mwingine, alipiga simu.

"Jumamosi nakuja na gari nimchukue. Nyumba tutaifunga. Dada hajitambui tena, tusijidanganye."

"Anajitambua," Fundi alisema.

"Umejuaje?"

Fundi alimgeukia Mwalimu. Alijua tu yale macho.

Siku hiyohiyo, akipanga kabati, alikuta boksi la herufi za kadibodi ambazo Mwalimu alikuwa akiwapa wanafunzi waundie maneno. Alizimwaga kwenye sinia, akaliweka mapajani pa dada yake. Mkono wa kushoto ulizungukazunguka, ukasogeza pembeni herufi nne, bila mpangilio: W, T, E, R.

"Water," Fundi alisema kwa furaha, maana hilo hata asiyekanyaga shule analijua. Akaleta maji. Mwalimu akasukuma kikombe, akagonga herufi zilezile. Fundi akaleta maji ya baridi, kisha ya uvuguvugu. Kufikia jioni Mwalimu alikuwa amelowa kifuani, na machozi yanamtoka.

Kesho yake, Alhamisi, Fundi alikaa akafikiri. Labda kuna herufi imepungua. Basi atatafuta kila neno lenye hizo nne, zikae popote zitakapokaa. Aliziandika mezani kwa chaki ya kukatia nguo, akafungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ukurasa wa kwanza, akaanza kushusha rula mstari kwa mstari. Mtu aliyewahi kufumua gauni zima la harusi kwa sababu ya mshono mmoja haogopi kitabu kinene.

Hadi mchana macho yalimwuma, na alikuwa na neno moja la maana.

"Interview. Usaili. Unataka kazi nyingine, Dada?"

Mwalimu alitikisa kichwa.

"Network." Alimletea simu. Sivyo. "Overweight, uzito uliozidi. Huyo ni mimi, si wewe." "Sweater." Hapo alimvalisha sweta na jua lile, mpaka Mwalimu akafumba macho kama mtu anayeomba subira. "Tower", mnara, pia haikuwa.

Ijumaa alifika kwenye W. Maji akayaruka. "Wrestle," alisoma kama lilivyoandikwa, kila herufi na haki yake. "We-re-si-tu-le. Mieleka. Dada, unataka tupigane mieleka?"

Mwalimu alicheka. Nusu ya uso ilibaki imelala, lakini kicheko kilikuwa chake, kilekile cha darasa la tano. Fundi alisikia shavu likimwaka kama siku ile. Kisha akaona mabega ya dada yake yanavyotikisika, wiki tatu bila kucheka, naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka Fundi akapoteza mstari, ikabidi atafute upya.

Mistari michache chini yake palikuwa na "write". Kuandika.

Mwalimu alipiga sinia kwa kiganja, herufi zikaruka.

Fundi alihesabu herufi zilizokuwamo. I haikuwepo, wala K, wala P. Panya na wanafunzi walikwisha gawana. Kumbe hata "kalamu" na "andika" visingewezekana. Alimpa kalamu mkono wa kushoto, akashikilia daftari. Herufi zilitoka zimepinda, kama kuku amepekua, lakini zilisomeka: MAJI BASI. Na chini yake: SIENDI.

Jumamosi kaka aliingia na kofia kichwani, gari likimsubiri nje. Fundi alimpa daftari.

"Nani kaandika hiki?"

"Muulize mwenyewe."

Kaka aliinama mbele ya kiti, akapaza sauti kama anayeongea na kiziwi. "Dada, mimi nilizaliwa mwezi gani?"

Mwalimu alichukua kalamu bila haraka. USINITAHINI.

Kaka alivua kofia. Alikaa chini sakafuni, akaushika ule mkono usiofanya kazi.

"Nisamehe," alisema. "Lakini nani atakutunza?"

Kalamu ilimwelekea Fundi, ikasita, ikarudi kwenye karatasi: MUULIZE.

Fundi hakuwahi kuulizwa jambo lolote katika ukoo ule. Alijifuta mikono kwanza.

"Nitakaa," alisema. "Ila cherehani yangu ije hapa sebuleni, na wateja waingie kwa mlango wa mbele. Sikai kama mgeni."

Kabla ya saa sita gari lilishaleta cherehani, meza ya kukatia na vitambaa vya watu, kaka akibeba huku jasho linamtiririka.

Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi machache, mengine yamepinda, na siku nyingine hayaji kabisa. Hata hivyo Fundi akimaliza kuwapima wateja, Mwalimu hulivuta daftari la vipimo, akasahihisha tahajia kwa wino mwekundu, kiuno, kifua, urefu wa mkono, na chini ya kila ukurasa akaweka maksi. Wiki iliyopita Fundi alipata sita kwa kumi. Alilalamika, akaongezewa nusu.