Upande wa Kulia wa Kichwa cha Mwadi

Jumatatu Mwadi alikwenda shuleni na kichwa kilichosukwa upande mmoja, na wa kwanza kumcheka alijuta. Upande wa kushoto kulikuwa na misuko saba ya uzi mweusi, imesimama vizuri, imepinda kidogo kwenye ncha. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimechanwa tu na kuachwa, zimefura mpaka zimefunika sikio. Jean-Luc wa benchi la nyuma alimuuliza kama aliyemsuka alikufa katikati ya kazi. Mwadi akampiga kwa daftari la hesabu, na somo la kwanza wote wawili walilisikiliza wakiwa wamepiga magoti mbele ya ubao.

Aliyepaswa kupigishwa magoti hakuwa Jean-Luc wala Mwadi. Alikuwa Papa Georges, baba yake Shalom, lakini watu wazima hawapigishwi magoti, ndiyo maana wanafanya wanavyotaka.

Mwadi na Shalom walikuwa na miaka kumi na mmoja kila mmoja, na tangu mwaka wa pili wa shule ya msingi walikuwa hawaachani. Kila Jumamosi asubuhi walikaa kwenye ngazi ya jiko, nyuma ya nyumba ya kina Mwadi, katika kambi ya wafanyakazi ya Shituru, wakasukana. Walikuwa na sheria yao. Anayesukwa naye anasuka. Hakuna kwenda kucheza kabla vichwa vyote viwili havijaisha. Shalom alisukwa kwanza, kwa sababu mchana alikuwa na mazoezi ya kwaya katika kanisa lao la maombi, ambako mtu akichelewa anatajwa jina mbele ya wote. Mwadi alikuwa Mkatoliki, misa yake ni Jumapili, kwa hiyo alingoja. Shalom naye akishika kitana alianzia kushoto siku zote. Na mkono wa mtu mwingine haukuruhusiwa. Danielle, msichana wa nyumba ya tatu, aliwahi kuomba kuingia katika hilo shirika lao. Walimwambia anasuka kama mtu anayefunga mbuzi, wakacheka mpaka akaondoka.

Sasa Papa Georges. Alikuwa mchimbaji, si wa kampuni, wale wa koleo lao na gunia lao. Wachimbaji wa namna hiyo wana desturi moja: mtu akisikia kwamba mahali fulani udongo umetoa madini, haagi. Akiaga Alhamisi, Ijumaa atakuta watu arobaini wamemtangulia na hana pa kuchimba. Basi anahama kama mtu anayekwenda sokoni mara moja. Mke anaambiwa siku yenyewe. Watoto wanaambiwa uongo, kwa sababu mtoto ana mdomo, na mdomo una rafiki. Papa Georges alimwambia binti yake kwamba wanakwenda kumsalimia bibi, wiki mbili tu, na motoka itakuja alasiri.

Motoka ilikuja saa nne asubuhi. Ilikuwa Fuso ya rangi ya buluu. Shalom alikuwa ameshasukwa kichwa kizima, na alikuwa anafunga msuko wa saba wa Mwadi, mama yake alipotokea penye kona ya nyumba.

“Shalom, kuya mbio. Motoka inangojea.”

“Mama, nimalize kwanza. Inabakia upande moja.”

“Utamaliza siku ingine. Papa yako anakasirika.”

Shalom akainuka na kitana mkononi na bobini ya uzi kwapani. Mwadi akamfuata mpaka barabarani, ameshika nywele za upande wa kulia. Pale juu ya Fuso aliona godoro. Aliona mbabula ya kupikia, bado na majivu yake. Aliona mapazia yamekunjwa na kufungwa kamba. Mtu anayekwenda kumsalimia bibi wiki mbili habebi mapazia. Mwadi aliliona hilo waziwazi, akalinyamazia, na hilo ndilo lililokuja kumuudhi baadaye kuliko yote.

“Usimupe mutu kichwa yako,” Shalom alimwambia kutoka juu. “Nitarudia. Nitamalizia minye.”

“Na kitana ya mama?”

“Nitarudia nayo.”

Lori likaondoka. Papa Georges hakupunga hata mkono, alikuwa anaangalia nyuma kama kuna mchimbaji mwenzake aliyewaona.

Jumapili Mwadi alifunga kitambaa kichwani, akaenda misa. Jumatatu kitambaa kilikatazwa shuleni, ndipo lile balaa la daftari likatokea. Jumanne mama yake alimwita jikoni, ameshika kitana kipya.

“Kuya nikumalizie. Shi unafanana na mutu mwenye alikimbia ku coiffeuse katikati ya kusukwa.”

“Hapana, Mama. Shalom anarudia.”

“Anarudia siku gani?”

“Juma mbili. Alisema.”

Mama Mwadi alipiga namba ya Mama Shalom. Haikupita. Akapiga tena jioni, haikupita. Jumatano vilevile. Baba yake Mwadi, aliyekuwa amerudi kutoka kiwandani na bado hajavua viatu vya kazi, alisema bila hata kuinua macho kutoka kwenye sahani:

“Bale bantu ba kuchimba mu carrière, bakienda habarudiake. Banabadirisha na namba.”

Mwadi alimchukia baba yake kwa dakika nzima. Si kwa maneno yenyewe. Kwa kuyasema huku anaendelea kumega bukari, kama anasema mvua itanyesha. Mtu akikuambia jambo la namna hiyo angalau atue tonge kwanza.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mkurugenzi wa shule. Aliwapanga wasichana uani, akapita mbele yao na mikono nyuma, akasimama kwa Mwadi.

“Hii ni nini?”

“Ni nywele, Madame.”

“Naona ni nywele. Uko mu sixième, mwaka wa examen, na unakuya hapa na nusu ya kichwa? Enda kwenu. Lundi nitakuona na kichwa nzima, sinon hautaingia mu classe.”

Mwadi alihesabu njiani, anapiga mawe teke. Wiki mbili za Shalom zilikuwa zinaisha Jumamosi ya wiki ijayo. Mkurugenzi alikuwa anataka Jumatatu hii. Siku tano zilikuwa zinakosekana, na hakukuwa na mtu wa kumwomba hizo siku tano. Akimwachia mama yake kichwa, maana yake amekubali kwamba Shalom harudi. Asipomwachia, atakaa nyumbani wenzake wakijiandaa kwa mtihani. Alijaribu kumweleza mama yake jambo hili na maneno yakatoka vibaya, yakatoka kwa kelele, akaambiwa akaoshe sufuria. Akaziosha kwa hasira mpaka moja ikapinda mkono.

Jumamosi asubuhi mama yake aliweka makasi juu ya meza, mahali pa kuonekana.

“Mwadi, sikia muzuri. Lelo magaribi, ile kichwa iwe imesukwa. Nani anaisuka, minye sina neno. Kama haiko, nakata yote, unabakia sawa mwanaume.”

Mwadi akaenda kukaa kwenye ngazi ya jiko, peke yake. Hakuna kilichobadilika hapo, hata ile alama ya mkaa waliyochora yeye na Shalom ukutani ilikuwepo. Alikaa pale kwa ukaidi tu.

Karibu na saa sita simu ya mama yake ililia. Namba ilikuwa mpya. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na betri ilikuwa imebakiza kamstari kamoja kekundu.

“Allô? Mama Mwadi? Ni minye, Shalom.”

Mama alimpa Mwadi simu.

“Uko wapi?” Mwadi aliuliza.

“Ku Kolwezi. Mwadi, Papa alinidanganya na minye. Tunabakia huku. Balishaniandikisha na ku masomo.”

Mwadi alikuwa na maneno ya siku saba ameyaweka tayari. Alitaka kusema habari ya daftari na Jean-Luc, ya mkurugenzi, ya makasi yaliyokuwa yanamwangalia kutoka mezani. Badala yake akauliza:

“Na kichwa yako?”

“Balishaifungua. Kuko binti tunaikala naye mu hii parcelle, jina yake Jenny, alinisuka na mèches, zile nywele za kununua. Huku banasema nyuzi ni ya bamama bazee.”

Misuko ile Mwadi aliifunga kwa mikono yake, kumi na minne, hakuna uliopita mwenzake kwa urefu. Ilikaa siku ngapi? Mbili? Tatu? Yeye alikuwa amefukuzwa shuleni kwa ajili ya saba.

“Na weye, nani alikumalizia?” Shalom aliuliza, kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeuliza mmepika nini leo. Haikumwingia hata kidogo kwamba mtu anaweza kukaa juma zima hivyo.

Mwadi alifungua mdomo aseme kweli, akasikia aibu. Yaani alijiona mjinga, na hilo lilimuuma kuliko kuachwa.

“Danielle,” akasema.



“Danielle? Shi Danielle anafunga sawa mbuzi.”

“Alijifunza.”

“Nilikuambia usimupe mutu kichwa yako.”

“Na weye ulimupa Jenny.”

“Ni Mama alimuita, Mwadi. Minye nililia. Na kitana ya mama yako, niko nayo, naiwekaka chini ya...”

Simu ikazimika. Mwadi aliibonyeza, akaipiga kwenye kiganja, akaibonyeza tena. Ikabaki nyeusi. Akaipiga ndoo teke, maji yakamwagika jikoni, na mama yake, kwa mara ya kwanza katika juma hilo, hakumgombeza. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa.

Mwadi hakujua amkasirikie nani kwanza. Papa Georges alikuwa mbali, Jenny hamjui, Shalom alisema alilia, na mtu aliyelia huwezi kumkasirikia ukamaliza. Alibaki na uongo wake tu. Shalom ameuamini, na sasa hivi huko Kolwezi ameukasirikia. Alhamisi Mwadi angefurahi kusikia hivyo. Jumamosi hii haikumpa chochote, ila alikuwa ameshataja jina, na magharibi ilikuwa inakuja, na makasi yalikuwa mezani.

Akachukua kitana kipya na bobini ya uzi, akatoka kwenda nyumba ya tatu.

Danielle alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona hakuinuka.

“Nimekuya unisuke,” Mwadi alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

Danielle alimwangalia, upande wa kushoto, kisha wa kulia.

“Shi mulisema nafunga mbuzi.”

“Tulisema.”

Danielle aliendelea na maharage yake, akatoa jiwe, akalitupa, akatoa lingine. Alimwacha Mwadi asimame juani mpaka ungo ukaisha. Ilikuwa haki yake, na Mwadi alijua, kwa hiyo alisimama. Kisha Danielle akaweka ungo pembeni, akasogeza magoti.

“Bon. Ikala.”

Mwadi akakaa chini, katikati ya magoti ya mtu mwingine. Hata harufu ilikuwa nyingine, sabuni nyingine.

“Hizi za kushoto, niziache ao nizifungue?”

Mwadi aliigusa ile misuko, mmoja mmoja. Uzi ulikuwa umeanza kulegea. Angeweza kusema iache. Angekuwa na kichwa cha watu wawili, Jumatatu mkurugenzi angepita bila kuona tofauti, na kila usiku angelalia kazi ya Shalom. Mpaka lini? Nywele zitaota tu, misuko itaanguka.

“Fungua.”

Danielle akafungua. Kila uzi ulipotoka alimpa Mwadi mkononi bila kuombwa, na Mwadi akawa anauzungusha kidoleni. Ulipotoka wa saba machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

“Nakuvuta sana?” Danielle aliuliza.

“Ndiyo.”

Hakuwa anamvuta hata kidogo. Danielle alikuwa na mkono mwepesi, anagawa nywele polepole, anapuliza ngozi pale anapopita na kitana. Alikuwa anasuka vizuri. Labda alijifunza, labda alijua siku zote na wao wawili hawakuwahi kumpa kichwa ili wajue. Hilo nalo lilimkasirisha Mwadi, na safari hii alijua kabisa ni nani wa kukasirikiwa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya bomba la kiwanda Danielle alipokata uzi wa mwisho kwa meno. Mwadi alipapasa kichwa, kulia na kushoto. Kizima. Akainuka kwenda kumwonyesha mama yake, ayaondoe yale makasi.

“Unaenda wapi?” Danielle alisema. Alikuwa ameshuka kwenye kigoda, ameshakaa chini na mgongo kwake, anafungua kitambaa chake. “Sasa minye.”

Mwadi hakuwa amefikiria hilo. Kutoa kichwa alikuwa amekubali, alilazimishwa. Mikono hakuwa amekubali kuitoa. Alisimama na kitana, anaangalia utosi wa mtu ambaye hajawahi kumgusa, na ile sheria ilikuwa yake mwenyewe, aliitunga yeye: anayesukwa naye anasuka.

“Danielle, papa yako anatumikaka wapi?”

“Ku usine. Shi unajua, beko bote na papa yako.”

“Hamutahama?”

“Tutahamia wapi?”

“Sema kweli.”

Danielle aligeuza shingo amwangalie, akataka kucheka, akaacha.

“Minye sijue, Mwadi,” akasema. “Papa hajasema kitu.”

Lilikuwa jibu baya, lakini halikuwa uongo. Mwadi akakaa kwenye kigoda, akaweka zile nyuzi saba za zamani mfukoni, akapasua nywele za Danielle katikati na kuanza kusuka upande wa kulia.