Kadi ya Sikio la Mzee Samwel

Doris hakuomba mfumo mpya wa kompyuta. Laptop aliipeleka kwa Nickson pale Mikumi abadilishiwe tundu la chaji, basi. Lakini mafundi wetu ndivyo walivyo: ukiwaachia laptop kuukuu, lazima waifute na kuipiga mfumo mpya, eti zawadi kwa mteja mzuri.

"Dada Doris, saa hizi iko fasta!" Nickson alisema, meno yote nje. "Programu yako nimekutunzia."

Doris akachomeka kadi yake ubavuni mwa laptop. Kwa kadi hiyo bapa na programu yake, Doris, ambaye ni muuguzi, alikuwa akiiunganisha na laptop mashine ya sikio ya baba yake, Mzee Samwel, mstaafu wa reli kule Kilosa, na kuiongezea sauti kila usikivu wake ulipopungua. Wafadhili walioleta mashine walishafunga mradi wao zamani. Sikio la mzee lilizidi kufifia, na safari hii alikuwa hasikii mpaka umpigie kelele.

Kadi haikuonekana. Wakachomoa, wakapuliza vumbi, wakachomeka tena. Wapi!

Nickson akaingia mtandaoni, na lile tabasamu likamtoka. Watengenezaji wa mfumo walikuwa wamejadiliana kama waendelee kuzihudumia kadi za zamani. Waliuliza nani bado anazitumia. Wakasubiri wiki sita, hakujibu mtu, wakaziondoa.

"Waliuliza wapi?" Doris alifoka. "Kilosa nzima nani aliulizwa?"

"Humu humu mtandaoni, dada. Kwa Kiingereza."

Kwa siku mbili Nickson alihangaika na mifumo ya zamani. Ule alioufuta hakuupata tena, na mwingine uliokubali kadi ulikataa programu. Mwisho akawaandikia watengenezaji wenyewe, na jibu lao likaja la upole kabisa: wangejua kuna hata mtu mmoja wangeziacha, ila sasa aliyekuwa akizishughulikia ameshaacha kazi hiyo. Doris alilisoma mara mbili. Upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Alirudi Kilosa na laptop yake iliyo fasta. Mzee Samwel alikuwa ameketi mlangoni, mashine imo sikioni, kwa mazoea tu. Doris akachuchumaa mbele yake.

"Baba, imeshindikana," alisema, machozi yakimlenga. "Tena haitawezekana. Nisamehe."

Mzee aliona midomo ikicheza. Binti yake, tangu utotoni, hajawahi kurudi nyumbani bila kumwamkia kwanza.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa furaha.