Hema Bila Vigingi

Mume wangu Tajudin ana wake wawili: mimi, na lami ya mtaa wetu hapa Mbuya. Mimi ndiye ninayepika, lakini lami ndiyo inayolindwa.

Nisimlaumu sana. Aliendesha lori la mizigo njia ya Arua tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na huko aliona barabara nzuri zikifa. Anajua kwamba jua huikausha lami mpaka ikapasuka, maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, udongo wa chini ukalainika, kisha magurudumu yakamaliza kazi. Basi tangu mtaa wetu, uliokuwa wa tope, utiwe lami, kila asubuhi yuko nje na jembe anazibua mfereji ili maji yasituame. Fundi wa magari akimwaga dizeli barabarani atafokewa, kwa sababu dizeli huilegeza lami. Akiona ufa, humwandama mwenyekiti wa mtaa hadi uzibwe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," anasema, na methali hiyo tumeisikia mpaka imeisha chumvi.

Hayo niliyacheka. La Nabila sikulicheka.

Nabila ni jirani yetu wa mlango wa pili. Mumewe, Yasiin, alipofariki mwezi wa Aprili, vijana walileta hema la waombolezaji wakataka kulisimamisha barabarani, kama ilivyo desturi, maana nyua zetu ni finyu. Kamba za hema hufungwa kwenye vigingi vya chuma, na vigingi hupigwa nyundo mpaka vizame ndani ya lami. Tajudin akasimama katikati ya njia akakataa. Kila shimo la kigingi, alisema, ni mlango wa maji. Alisema kweli. Vijana wakaheshimu mvi zake, wakakunja hema. Mchana mvua ikanyesha, na wanawake waliokuja kumlilia Yasiin wakalowa chapachapa. Niliona aibu hata chakula kikanishinda. Tangu siku hiyo Nabila hakuitikia salamu zetu, na mtaa mzima ukamfuata.

Ikafika Novemba, harusi ya binti yetu Lailah, na mawingu hayabanduki. Hema halikuwa na pa kukaa ila barabarani. Majirani walingoja waone kama Tajudin ataitoboa lami kwa ajili ya mwanawe. Lailah yeye alikuwa na hofu moja tu: kwamba atakaa chini ya hema tupu, huku watu waliomlea wakimchungulia madirishani.

"Tutafunga kamba kwenye jerikeni za maji," Tajudin alisema. "Ni nzito, na hazitoboi kitu."

"Zetu hazitoshi hata upande mmoja," nikamwambia. "Utaazima kwa nani, Baba Lailah?"

Alivaa kofia yake akatoka. Nilimfuata kwa macho akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Mlango wa Nabila aliupita. Alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye ngazi, na mimi niliyekuwa na hasira naye miezi yote hiyo nikamwonea huruma.

Asubuhi ya harusi tulifunga kamba kwa jerikeni tulizokuwa nazo. Upande wa pili wa hema ulibaki unapepea. Ndipo Nabila akatokea, amebeba jerikeni mbili zilizojaa maji, ameikaza shingo. Akaziweka mbele ya Tajudin.

"Hajji," akasema, "ile siku ulikataza vijana kutoboa lami. Sawa. Lakini haukutuambia kamba tufunge wapi. Hizi jerikeni zilikuwa ndani kwangu hata ile siku. Na zako zilikuwa kwako."

Tajudin aliziangalia zile jerikeni mbili.

"Nilifikiria barabara tu," akasema. "Yasiin sikumfikiria. Wewe pia sikukufikiria. Nisamehe, dada yangu."

Nabila hakusema kwamba amesamehe. Aliikamata kamba iliyokuwa inapepea, akaifunga kwenye mkono wa jerikeni yake, fundo juu ya fundo, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akageukia madirisha ya majirani.

"Leteni maji," akawaambia. "Mtoto wetu atalowa."