Mwalimu Hagusi Kompyuta ya Mwanafunzi

Darasa la Okech pale Hagsätra, mtaa mmoja wa ughaibuni, la watu wanaoanza kujifunza kutengeneza michezo ya mtandaoni, lilikuwa na sheria moja tu: mwalimu hagusi kompyuta ya mwanafunzi. Aliiweka mwenyewe, na Jumamosi ile, jamani, aliijutia.

Mwanafunzi wake Amne alikuwa ametengeneza mchezo wa watu wawili wanaohamisha masanduku ghalani. Huyu asiposukuma, mwenzake hapiti. Aliutengeneza kwa ajili ya mwanawe Sami, anayeishi na baba yake mtaa wa mbali, Hässelby. Ukimuuliza Sami jambo kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiswidi, neno moja, basi. Leo alikubali kucheza, mara moja tu, kabla ya kwenda mazoezini.

Darasani mchezo ulikwenda vizuri, madirisha mawili kwenye kompyuta moja. Sasa simu ya Amne ikaleta ujumbe wa Sami: "Funkar inte."

"Haufanyi kazi, mwalimu!" Amne akamwonyesha Okech simu. "Nikimkosa leo hatanipa nafasi tena. Namjua."

Okech alishaliona kosa. Vidole vikamwasha, akaifunga mikono mgongoni. Akimtengenezea, kesho atakwama palepale, tena peke yake. Lakini mtoto je? Moyo ulimwenda mbio utadhani Sami ni wake.

"Mama Sami, seva yetu inayounganisha wachezaji iko wapi?"

"Kule mtandaoni, tulikoiweka juzi."

"Na mchezo uliomtumia unaitafuta wapi?"

Amne akainamia kioo. "Mungu wangu! Nimeacha anwani ya majaribio, inayosema 'kompyuta hii hii'. Kompyuta ya Sami inajitafuta yenyewe, kama mtu anayejipigia simu!"

Ujumbe mwingine ukaingia: Sami anaondoka sasa hivi. Amne akafuta, akaandika, akakosea tarakimu, akafuta tena. Okech akageukia dirishani asije akamnyang'anya. Hatimaye nakala mpya ikaenda, na Amne akamsihi mwanawe aifungue.

Kisha ghalani akatokea mtu wa pili, wa kijani. Akasimama tu.

"Mchezo umeganda," Amne alisema, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, umeganda!"

Hili Okech hakulielewa hata kidogo. Akaitoa mikono mgongoni, sheria ikae kando, akainama kushika kompyuta.

Chini ya ghala, pale pa kuandikiana, yakatokea maneno.

"Mama, sukuma basi. Nakungoja wewe."