Maporomoko Nyuma ya Jiko

Jumatatu asubuhi mkunga mstaafu alikuwa anasugua sufuria iliyoungulia maziwa, mara kioo cha dirisha la jiko kikaanza kulowa kwa nje. Mvua haikuwepo. Alipofuta kwa kiganja aliona kipande cha maji meupe yakianguka kati ya tanki na kamba ya nguo, kipande cha kutosha kidirisha kile kidogo, basi. Jambo la kwanza alilowaza ni mashuka. Yalikuwa yamekaribia kukauka.

Hakupiga kelele. Mtu aliyezalisha wanawake maisha yake yote ameshaona wengi wakija duniani bila taarifa, wengine wakitanguliza miguu.

"Baba watoto," aliita, "yale maporomoko yamekuja."

"Yapi?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Ya kule ng'ambo. Yale uliyoyaona."

Mkunga aliyatambua kwa sauti. Kule ng'ambo aliyasikia mgongoni asubuhi nzima.

Mumewe alikuwa mtunza stoo, na wenzake kazini walimpachika jina la Kufuli, jina ambalo yeye alilichukulia kama nishani. Tangu wastaafu, viinua mgongo vyao vyote viwili viligeuka tiketi: kila mwaka safari moja ya mbali, na Jumapili za katikati wanakwenda kilimani au ziwani kutazama ndege. Kufuli alistaafu kazi, ila kazi haikumstaafu. "Mzigo usio na mtu," alikuwa akisema, "una mtu mwingine." Kwa hiyo kila walipofika penye mandhari alitafuta benchi, akapanga mabegi, akamkalisha mkewe hapo, uso barabarani.

"Mwizi hatoki kwenye maji, mama. Anatoka barabarani. Kaa hapo, nakuja sasa hivi."

Sasa hivi ya Kufuli iliweza kumaliza chupa nzima ya chai. Alirudi na kamera shingoni, akamfariji: "Hujakosa kitu. Ni maji tu yanaanguka." Wakifika nyumbani, wageni walisimuliwa hayo maji tu mpaka wakasinzia na vikombe mikononi. Hata kilimani, karibu kiasi cha kuliona paa la nyumba yao, mkunga alilinda kikapu cha mikate na viatu vya akiba vya mumewe.

Asubuhi hiyo Kufuli alitoka na fulana yake ya kulalia, akayazunguka maporomoko kama shehena iliyoshushwa sasa hivi. Akahakiki jiwe lenye umbo la sikio, mti ulioanguka, na upinde wa mvua pale chini.

"Yamefika kamili," alisema. "Hakuna upungufu."

Dosari ilikuwa moja: yalimpa mgongo. Kila alipozunguka kuja mbele, nayo yaligeuka, uso wake ukielekea dirisha la jiko. Kufuli alisema ni jua, linamchezea macho.

Mkunga alikausha mikono, akavua aproni. Alitaka kuyaona mazima, mara moja tu, kuanzia utosini hadi kwenye povu. Hakuwa na ombi jingine kwa dunia. Mkono ulikuwa umeshashika kitasa.

"Usitoke kwanza!" Kufuli alimwambia. "Bandika chai ya kutosha. Nimeshawapigia ndugu."

Ndugu wakaja, na majirani, na watu waliosema ni majirani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hayo ni maneno ya wasioosha vikombe. Kuanzia siku hiyo mkunga alishinda jikoni, na mvuke wa birika ulikiziba kioo. Kila giza lilipoingia Kufuli aliyafunika maporomoko kwa turubai, akafunga mlango wa nyuma na kulala na ufunguo kiunoni. Alhamisi ukafika mlima wenye theluji wa safari ya mwaka juzi. Ulisimama nje ya geti mpaka magari yakaanza kupiga honi, ndipo akaufungulia.

Jumamosi alikuja wifi yake mkunga, dada yake Kufuli, mwanamke mwenye ulimi usio na likizo. Viatu na mikoba ya wageni ilikuwa imelundikana mlango wa mbele. Mkunga alimsogelea mumewe, akasema polepole:

"Leo mzigo ulinde wewe, baba watoto. Mimi nikasimame kule nyuma kidogo."

Kufuli alicheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama mtu aliyeombwa akanyonyeshe.

"Na wageni atawaeleza nani? Wewe umeona nini hata ueleze?"

"Wifi yangu huyu!" dada mtu alidakia. "Umezunguka dunia kama begi: kote umefika, popote hujaona! Haya, nishikie na huu." Akamtwika mkoba wake.

Watu walicheka sana. Mkunga naye alicheka, maana ni wageni wake, na chai ilikuwa bado haijawatosha.

Akaketi kwenye kigoda pale mlangoni penye mizigo, uso barabarani. Punde nyuma ya nyumba kukawa kimya. Maji yalikuwa yanakuja. Aliyasikia yakipita kando ya bomba, yakiruka tuta la maua, yakikunja kona. Aliona pindo lake, jeupe, likitokeza pembeni ya ukuta.

"Yatakuziba!" Kufuli alipaza sauti akija mbio na wageni wake. "Huoni barabara! Geuza kigoda!"

Mwili wa mkunga uligeuka, ukayapa maji mgongo, kabla mwenyewe hajaamua. Maji yakazunguka upande wa pili. Kufuli akapiga kelele. Mwili ukageuka tena. Mara ya tatu yalichoka, nayo yalikuwa yametoka mbali. Yakasimama nyuma yake, yakaanguka hapo.

Manyunyu yalimlowesha shingo. Aliuinua mkoba wa wifi, akaufunika kwa khanga usilowe.

"Basi siku ile," Kufuli alianza, wageni wamemzunguka, "mimi na mke wangu tulisimama pale ukingoni, tumeshikana mikono hivi. Hakuna aliyeweza kusema neno. Si ndivyo, mama watoto?"

"Ndivyo," alijibu mkunga, akitazama barabara.